Uzito wa Raketi ya Tenisi: Kupima, Kusoma Mtindo wa Mabingwa na Kubandika Risasi Mahali Pake

Ukinunua raketi yenye jina la bingwa, mara nyingi umenunua rangi tu. Ile anayoshika yeye uwanjani imeshapita mikononi mwa fundi: imebandikwa utepe wa risasi, ile metali nzito, hapa, imejazwa silikoni pale, na wakati mwingine fremu yenyewe ni ya miaka mingi iliyopita ila imevalishwa rangi ya toleo jipya. Ndiyo maana swali la "fulani anachezea gramu ngapi?" halimfikishi mtu mbali. Bora kuuliza gramu hizo zimekaa wapi, na zinaupa mkono wake nafasi ya kufanya nini.

Mwongozo huu unaanza na kupima, unapita kwa mabingwa, kisha unaishia kwenye raketi yako. Tafadhali usiruke kupima. Mimi niliruka. Jioni moja nilibandika gramu 8 za risasi kwenye ncha ya kichwa, kesho yake nikapiga kama mfalme kwa dakika arobaini. Ilipofika seti ya pili kila fohendi (pigo la upande wa mkono wa kuchezea) ikawa inatoka nje upande wa kulia, kwa sababu raketi ilikuwa inachelewa kufika. Nilidhani ni miguu. Hesabu iliyo hapa chini ndiyo iliyonionyesha kwamba shida haikuwa miguu hata kidogo.

Hatua ya 1: Pima namba tatu

Namba ya kwanza ni uzito wenyewe, na mizani ya jikoni inatosha. Pima raketi ikiwa na kila kitu unachochezea: nyuzi, gripu ya juu (utepe unaozungushwa juu ya mpini), kizuia mtikisiko. Dukani fremu huandikwa uzito wake ikiwa tupu. Nyuzi huongeza gramu 15 hadi 18, gripu ya juu gramu 5 hadi 7, basi raketi iliyoandikwa 300 unaishika mkononi ikiwa na 320 na ushee.

Namba ya pili ni kitovu cha uzito. Laza raketi juu ya ukingo wa rula, isogeze mpaka itulie bila kuegemea upande wowote, kisha pima kutoka kitako cha mpini hadi hapo. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, kwa hiyo katikati yake ni 34.25. Kitovu kikiwa chini ya hapo, kuelekea mkononi, tunasema kichwa ni chepesi. Kikiwa juu, kichwa ni kizito. Karibu raketi zote za wachezaji wa kulipwa zina kichwa chepesi, zikipishana kwa kiasi tu.

Namba ya tatu ndiyo mama wa zote: uzito wa swingi. Hii ni namba ya ugumu wa kuizungusha raketi, na hupimwa kwa kilo mara sentimita za mraba, mhimili ukiwa sentimita 10 kutoka kitako. Ina maana gani? Shika nyundo kwa mpini uitikise, kisha igeuze uishike kwa kichwa cha chuma uitikise tena. Mizani haioni tofauti yoyote, lakini mkono wako unaiona papo hapo.

Mafundi wana mashine ya kuipima. Usipokuwa nayo, sindano ya kufumia, meza mbili na simu vinatosha. Bandika sindano kwa utepe imara kwenye kitako cha mpini, ikae kukingama na kufuata upana wa kichwa. Egemeza ncha zake juu ya meza mbili zilizoachana kidogo, raketi ining'inie katikati kichwa kikiwa chini. Isukume taratibu iende mbele na nyuma kama inavyopiga mpira, kichwa kisipite upana wa kiganja kila upande. Rekodi video, hesabu bembea 30 kamili, gawanya muda kwa 30.

Tuseme raketi yako ina kilo 0.330, kitovu chake kiko sentimita 32.5, na bembea 30 zimechukua sekunde 41.4, yaani 1.38 kwa bembea moja. Sasa fanya hivi:

Zidisha uzito kwa kitovu: 0.330 × 32.5 = 10.725.
Zidisha jibu kwa 24.85, kisha kwa muda wa bembea uliozidishwa kwa wenyewe: 10.725 × 24.85 × 1.9044 = 507.5.
Toa 10.725 mara 20, yaani 214.5. Inabaki 293.
Ongeza uzito mara 100, yaani 33. Jibu: 326.

Usihesabu bembea 10 kwa uvivu. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya sekunde katika bembea 10, jibu linapotea kwa vizio 7 hivi. Katika 30, kosa hilohilo ni vizio viwili na nusu tu.

Raketi nyingi za dukani zikiwa na nyuzi huwa kati ya 310 na 330. Za wanaume wa daraja la juu mara nyingi ziko 330 kwenda 370. Zingatia pengo hilo kabla hujatamani kunakili ya mtu.

Hatua ya 2: Elewa kinachotokea mpira ukigusa nyuzi

Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59.4 na hukaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu tano za elfu moja za sekunde. Katika muda huo mkono wako hauwezi kuongeza chochote. Ujumbe kwamba umegusa mpira unafika kwenye ubongo mpira ukiwa umeshaondoka. Wakati wa mgongano raketi iko peke yake, na inachokuwa nacho ni kasi uliyoipa na uzito uliopo nyuma ya mahali mpira ulipotua.

Chukua mtu anayepokea sevu, pigo la kuanzisha pointi, ya kilomita 200 kwa saa. Hana nafasi ya kuvuta mkono nyuma. Anaingiza raketi tu kwenye njia ya mpira. Kichwa kikiwa chepesi, mpira unakisukuma nyuma, nyuzi zinageuka kidogo, na jibu linadondoka katikati ya uwanja likiomba kuadhibiwa. Kikiwa kizito, raketi inasimama imara na mpira unarudi na uzito wake wote. Hapo uzito ni mali.

Mgeuzie sasa ampigie mwenzake sevu. Hapa muda anao, mpira umetulia hewani, na kasi yote inatoka mwilini mwake. Raketi nyepesi ataizungusha haraka zaidi, nzito ataizungusha polepole lakini itausukuma mpira kwa nguvu zaidi. Vitu hivi viwili hufidiana kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana kubadili uzito kidogo hakubadilishi sana kasi ya sevu. Anayekuambia gramu tano zitakupa kilomita kumi zaidi anakuuzia kitu.

Basi tofauti ya mitindo inaonekana hasa kwenye mapigo ambayo muda ni mfupi (kupokea sevu, voli yaani kupiga mpira kabla haujadunda, mpira wa miguuni) na kwenye mapigo yanayohitaji kichwa cha raketi kupanda ghafla, yaani topspini, mpira unaozungushwa kuelekea mbele.

Hatua ya 3: Soma mtindo wa mabingwa

Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi hazitaji kikomo cha uzito. Kuna kikomo cha urefu, sentimita 73.7, na cha upana, lakini ukitaka kuingia uwanjani na raketi ya nusu kilo, mwamuzi hana la kukufanya. Kila mchezaji yuko huru kuchagua mzigo wake, na uchaguzi huo unasema mengi juu ya namna anavyotaka kushinda pointi.

Anza na Pete Sampras. Alichezea Wilson Pro Staff yenye kichwa kidogo cha inchi za mraba 85, ikiwa imebandikwa risasi mpaka ikakaribia gramu 400. Hiyo ni sawa na zana za enzi za mbao. Lakini mchezo wake ulikuwa sevu kisha kukimbilia wavuni, pointi fupi fupi. Mtu wa wavuni anataka raketi isiyoyumba anapokinga mpira wa kasi kwa voli, na hazungushi mkono mzima mara ishirini katika pointi moja. Mzigo huo ulimlipa. Mpe mtu anayecheza nyuma ya mstari mechi inayodumu saa nne kwenye uwanja wa udongo na raketi hiyo, uone bega lake kesho yake.

Roger Federer alikulia kwenye ukoo huohuo wa raketi, akaanzia na inchi 85, akakaa na 90 kwa miaka mingi, na mwaka 2014 akahamia 97. Toleo lake lililouzwa madukani lilikuwa na gramu 340 likiwa tupu, zaidi sana ya raketi za kawaida, huku kitovu kikiwa sentimita 30.5 tu kutoka kitako. Soma namba hizo mbili pamoja. Raketi ni nzito, lakini uzito umerudi mkononi, kwa hiyo ncha inageuka kirahisi. Bekihendi yake (pigo la upande wa pili wa mwili) ya mkono mmoja na slaisi (pigo la kukata mpira kwa chini) vilihitaji hivyo hivyo: mkono mmoja hauwezi kukiburuta kichwa kizito kikafika mbele ya mwili kwa wakati. Fainali ya Australian Open ya 2017 dhidi ya Rafael Nadal ni darasa zuri la jambo hili. Tazama anavyoipokea mipira inayoruka juu upande wa bekihendi mapema, ikiwa bado inapanda, badala ya kurudi nyuma na kusubiri ishuke.

Nadal naye ni kinyume chake. Fremu anayohusishwa nayo, ya Babolat, ni inchi 100 na gramu 300 tupu, kitu ambacho kijana yeyote wa klabu anakinunua. Siri iko kwenye ncha ya kichwa, alikobandikiwa risasi. Kwenye mizani raketi yake haitishi, lakini ukiizungusha unahisi kichwa kinavuta. Yeye aliupiga mpira kwa kuupandisha, mkono ukamalizikia juu ya kichwa chake, na raketi yenye uzito nchani ikishashika kasi haisimamishwi na mpira. Matokeo yake ni mpira unaozunguka mno na kuruka hadi usawa wa bega la mpinzani. Kuanzisha mzunguko huo kunataka nguvu ambazo watu wengi hatuna, na hapa ndipo wengi wanaomnakili wanapoumia.

Michael Chang ni mfano ambao hautajwi sana. Alikuwa mfupi kwa viwango vya tenisi, na katikati ya miaka ya 1990 akahamia raketi ya inchi 28, ndefu kwa inchi moja kuliko kawaida. Urefu nao ni uzito wa swingi kwa mlango wa nyuma: gramu zilezile zikisogea mbali na mkono, ugumu wa kuzungusha unapanda, kwa sababu umbali huzidishwa kwa wenyewe. Alipata sevu yenye pembe nzuri zaidi, na gharama yake aliilipia mkononi.

Wenye bekihendi ya mikono miwili wana uhuru zaidi. Mkono wa pili unabeba sehemu ya mzigo, hivyo wanaweza kumudu kichwa kizito na kupiga mipira iliyonyooka bila kuvuta sana nyuma. Ukiwaona wachezaji wanaokinga na kurudisha kila kitu kutoka mstari wa nyuma kwa mzunguko mfupi, kisia kwamba uzito wao wa swingi uko juu.

Hatua ya 4: Jichunguze kabla ya kubandika chochote

Cheza seti mbili na raketi yako ilivyo, na umwombe mtu arekodi dakika kumi za mwisho, si za mwanzo. Za mwanzo kila mtu ni bingwa.

Tazama mipira unayokinga tu, bila kuvuta mkono. Raketi inatikisika au kugeuka mkononi? Basi unahitaji uzito kichwani, hasa pembeni. Fohendi inatoka nje upande wa mkono wako wa kuchezea, na unagusa mpira ukiwa umeshakupita? Kichwa tayari ni kizito kwako, usikiongeze. Voli ziko sawa ila mipira kutoka nyuma inadondoka fupi? Ongeza ncha, kidogo. Mkono unauma baada ya kuchezea raketi nyepesi ngumu? Uzito zaidi mpinini na nyuzi laini zaidi huwa nafuu, kwa kuwa raketi nyepesi inaupitishia mkono mshtuko mwingi. Maumivu yakiendelea, hilo ni la daktari, si la risasi.

Hatua ya 5: Bandika risasi

Utepe wa risasi wenye upana wa robo inchi una gramu moja kwa kila sentimita 10 hivi. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza, ifunike kwa utepe wa umeme, na usiiache watoto waichezee. Upo pia utepe wa tangsteni kwa asiyetaka kuigusa kabisa.

Wachezaji hutaja sehemu za kichwa kwa namba za saa. Hapa Mswahili awe macho: ni namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, si saa tunayotamka. Namba 12 ni ncha ya juu kabisa. Namba 3 na 9 ni pembeni kulia na kushoto. Nimeshawahi kumwelekeza mtu "bandika saa tatu" akabandika kwenye 9, na kwa bahati tu pande zote mbili zilihitaji kubandikwa.

Gramu 3 kwenye namba 12 huongeza uzito wa swingi kwa vizio 10 hivi. Mahali pazuri pa kupigia mpira panapanda kuelekea ncha, jambo linalomfaa apigaye topspini. Gramu hizo hizo ukizigawa, moja na nusu kwenye 3 na moja na nusu kwenye 9, unaongeza vizio 5 na nusu tu, ila raketi inapata uimara wa kutogeuka unapogusa mpira pembeni ya nyuzi. Ukinisikiliza mimi, anza hapo, kwa kuwa ndipo faida inapozidi gharama kwa mchezaji asiye wa kulipwa. Gramu 3 kooni, pale fremu inapogawanyika, ni vizio 2. Gramu 10 ndani ya mpini, karibu na mkono, hazizidi kizio kimoja, lakini kitovu kinarudi chini karibu sentimita nzima zikiwa kitakoni kabisa.

Sasa unaona gramu zangu 8 za ncha zilinifanya nini: vizio 27 kwa usiku mmoja. Kutoka 326 nilijikuta kwenye 353, eneo la watu wanaofanya kazi hiyo kila siku.

Utaratibu mzuri ni huu: ongeza gramu 2 kichwani, chezea siku tatu, ndipo uongeze nyingine. Ukihisi kichwa kinaburuta ingawa uimara unaupenda, usitoe risasi ya kichwa mara moja. Kwanza weka gramu 5 hadi 10 mpinini, chini ya gripu, ujaribu tena. Gripu ya ngozi badala ya ile ya plastiki nayo huongeza uzito hapo hapo bila kuchafua kitu. Mafundi wa wachezaji wa kulipwa hufungua kifuniko cha kitako na kujaza silikoni ndani. Ni kazi safi, lakini kuitoa ni taabu, iache hadi uwe na uhakika.

Hatua ya 6: Jaribu kwa haki

Jaribu katika saa ya pili ya mchezo, ukiwa umechoka, dhidi ya mtu anayekupiga kwa nguvu. Anza na kupokea sevu, kisha voli, kisha sevu yako ya pili. Sevu ya pili ndiyo hakimu mkali kuliko yote, maana inataka kichwa kizunguke haraka mkono ukiwa umechoka. Ikianza kugonga wavu mara nyingi kuliko zamani, umepitiliza, hata kama fohendi inapendeza kiasi gani.

Usibadili nyuzi na uzito wiki moja. Hutajua kipi kimefanya nini.

Hatua ya 7: Linganisha raketi ya pili

Mchezaji wa kulipwa huingia uwanjani na raketi sita au zaidi, na zote lazima zihisi kama moja, kwa sababu uzi ukikatika kwenye pointi ya kuvunja sevu hakuna muda wa kuzoea. Kiwandani raketi za aina moja hupishana gramu kadhaa, na uzito wa swingi unaweza kupishana vizio 10 au zaidi. Pima zote mbili. Chukua iliyo nzito zaidi kama kipimo, maana kuongeza kunawezekana, kupunguza hakuwezekani. Sawazisha kwanza uzito wa swingi kwa risasi ya kichwani, ndipo umalizie gramu zilizobaki mpinini ambako hazibadilishi swingi. Ukianza na mpini utalazimika kurudia kazi.

Andika namba zako tatu kwenye kipande cha karatasi pamoja na aina ya nyuzi na gripu, kisha zipime upya kila unapobadilisha nyuzi. Uzi mnene unaweza kuongeza gramu moja au mbili ukilinganisha na mwembamba, na sehemu kubwa ya uzi huo iko kichwani. Gripu nayo ibadilishe kabla ya kupima, kwani iliyolowa jasho la wiki mbili itakupa namba ya jasho.